Schäfer wa Thika na soko la Eastlands

Desemba 21, 2016, Rais Uhuru Kenyatta alizindua uunganishaji wa Polo Vivo katika kiwanda cha KVM, Thika. Aliyekuwa akiusukuma mradi huo upande wa kampuni ni Thomas Schäfer, mhandisi Mjerumani, bosi wa Volkswagen Afrika Kusini.

Wazee wa Kaloleni na Jericho, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hawakuwa wageni wa Volkswagen. Kampuni hiyo iliwahi kuunganisha magari nchini kuanzia miaka ya 1960 hadi 1977, kisha ikafungasha virago. Kombi zake kuukuu zilikuwa miongoni mwa matatu za mwanzo. Mzee Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu mwaka 1973, Eastlands ilipumua, maana mabasi ya KBS hayakuwatosha waliokuwa wakidamka kwenda Industrial Area.

Schäfer, mzaliwa wa 1970, alianzia Daimler, akahamia Volkswagen mwaka 2012, na mwaka 2015 akakabidhiwa Afrika Kusini. Mpango wake ulikuwa mwepesi kwenye karatasi: vipuri vitoke Uitenhage, Thika iunganishe magari kama 1,000 kwa mwaka, baadaye hata 5,000. Mwaka 2018 kikafuata kiwanda cha Kigali.

Mambo yaligonga mwamba sokoni. Mtu wa Umoja au Donholm, hukohuko Eastlands, anayenunua gari lake la kwanza hutafuta mtumba wa Japani, na sheria inaruhusu gari lisilozidi miaka 8. Spea za Vitz au Probox zipo Kirinyaga Road, na fundi wa Kariobangi Light Industries huifungua injini yake bila kuuliza mtu. Polo mpya, hata ikitoka Thika hapo jirani, ingemshawishi vipi kwa bei yake?

Schäfer alilifahamu hilo. Yeye na watengenezaji wenzake walishikilia kwamba kiwanda hakiwezi kusimama huku mitumba ikimiminika Mombasa. Rasimu ya sera ya magari ikapendekeza umri wa mitumba inayoruhusiwa upunguzwe. Waagizaji wakaja juu, na miaka 8 ikabaki. Nami nawaelewa waagizaji zaidi. Ukifunga mlango wa mitumba bila kumpa mkazi wa Buruburu mkopo anaoumudu, umemrudisha stejini kungoja matatu.

Schäfer mwenyewe hakukaa kusubiri. Mwaka 2020 alipewa Škoda, na Julai 2022 akawa mkuu wa chapa ya Volkswagen huko Wolfsburg. Desemba 20, 2024, karibu miaka 8 kamili baada ya sherehe ya Thika, kampuni yake ilikubaliana na chama cha wafanyakazi kupunguza nafasi za kazi zaidi ya 35,000 nchini Ujerumani ifikapo 2030. Aliyekuja kutuahidi ajira ana zake za kupunguza kwao.

Serikali ikitaka Thika iunganishe gari la mtu wa Umoja, ianze na riba ya mkopo, kabla ya kugusa miaka 8.