Meza ya Karani: Leta Katika Bunyakiri

Watu wakisikia neno leta, wanafikiri Kinshasa ama gavana wa Bukavu. Sisi wa Bunyakiri, leta tunaikuta kwenye meza ya karani wa grupma: buku la watu, stampi, na wazee wanaongojea inje na maneno ya mashamba.

Kukata maneno ya mashamba kulikuwepo mbele ya Wabelgiji. Karatasi ilipata nguvu kwa dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933, iliyopatia sheferi sanduku la franga. Lakini tuangalie sanduku lilibaki wapi. Buloho ni sheferi yenyewe. Kalima, Mubuku na Ziralo ni grupma za sheferi ya Buhavu. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 nayo ilisema vilevile: sheferi ina bajeti yake, grupma hapana.

Njo maana soko ya Bulambika inalipisha ushuru, na kilalo kikivunjika chefu wa grupma anaita salongo, kila mtu na mupanga wake. Kama barua inaomba sinyatire ya administrateri wa teritware, unashuka kwa barabara inayopita mbuga ya Kahuzi-Biega mpaka Miti, kisha unapanda tena kando ya ziwa mpaka Kalehe.

Kwa kuandikisha mtoto, sheria ya familia inatoa siku 90. Mama aliyezalia ndani kabisa ya Ziralo, na mvua hii yetu, anazihesabu akiwa miguu.