Vifaa vya bei nafuu vya kupigia picha usiku

Vifaa vya kupigia picha usiku ni kamera, lenzi na vifaa vya kusaidia vinavyotumika kunasa mandhari, watu au nyota wakati mwanga ni hafifu. Ubora wa picha ya usiku hutegemea zaidi mambo mawili: kiasi cha mwanga kinachofika kwenye kihisi cha kamera, na kamera kutulia wakati mwanga huo unaingia. Kwa sababu hiyo anayeanza akiwa na fedha kidogo hufaidika zaidi na stendi imara na kamera ya zamani kuliko kamera mpya yenye megapikseli nyingi inayoshikwa mkononi.

Mifano ya makala hii inahusu Samuye, kata ya mkoa wa Shinyanga, kaskazini mwa Tanzania.

Stendi

Stendi ya miguu mitatu ndiyo ya kununuliwa kwanza. Picha ya usiku huweza kuchukua sekunde 10 au zaidi, na hakuna mkono unaoweza kutulia muda huo. Stendi nyepesi sana hutikiswa na upepo. Tiba yake ni kutundika mfuko wa mawe katikati yake. Asiye na stendi anaweza kulaza kamera juu ya kifuko cha mchanga au maharage kwenye jiwe au ukuta. Kwa vyovyote vile, itumike saa ya kamera ya kuchelewesha picha kwa sekunde 2, kwa kuwa kubonyeza kitufe kwa kidole kunatosha kuitikisa.

Lenzi

Upana wa tundu la lenzi huandikwa kwa namba ya f: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Kamera nyingi za wanaoanza huuzwa pamoja na lenzi ya 18–55 mm, ambayo hufunguka hadi f/3.5 kwenye 18 mm na f/5.6 kwenye 55 mm. Lenzi ya 50 mm f/1.8, ambayo kwa kawaida ni kati ya lenzi za bei ya chini kabisa, huingiza mwanga karibu mara 10 ya ile ya f/5.6. Ni lenzi nzuri kwa harusi, ngoma na watu walio chini ya taa.

Kwa nyota hesabu inabadilika. Dunia inazunguka, hivyo nyota huonekana kama mistari picha ikichukua muda mrefu. Wapiga picha hukadiria muda wa mwisho kwa kugawa 500 kwa urefu wa fokasi. Kwa kamera ndogo za Canon urefu huo huzidishwa kwanza kwa 1.6. Lenzi ya 18 mm inapata sekunde 17, ya 50 mm sekunde 6 tu. Faida ya tundu pana inaliwa na muda mfupi, tena 50 mm inaona kipande kidogo cha anga. Anayetaka nyota abaki kwanza na lenzi iliyokuja na kamera.

Kamera

Kamera za mtumba kama Canon EOS 600D (2011) au Nikon D3200 (2012) zinatosha. Zina mpangilio wa mkono na huhifadhi faili za RAW, ambazo huvumilia kuangazwa baadaye kwenye kompyuta. ISO ya 1600 hadi 3200 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kabla ya kulipa, mnunuzi apige picha ya sekunde 30 lenzi ikiwa imefunikwa: vidoto vyenye rangi vikiwa vingi, kihisi kimechoka. Amulike pia ndani ya lenzi kwa tochi kutafuta kuvu, inayoonekana kama utando wa buibui.

Simu nazo zimesogea mbele. Mwaka 2018 Google ilitoa hali ya usiku katika simu za Pixel, inayounganisha picha nyingi fupi kuwa moja. Simu yenye mpangilio wa mkono, ikiwekwa kwenye stendi, inaweza kunasa nyota, ingawa chembechembe huonekana picha ikikuzwa.

Mazingira ya Samuye

Samuye iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kiza kamili huingia takriban saa 2 usiku, mwaka mzima. Ncha ya anga ya kusini iko karibu kabisa na upeo, hivyo picha za nyota zikizunguka duara kamili, zinazojulikana kutoka Ulaya, hazipatikani hapa. Nyota zinazopita utosini ndizo zinazokwenda kasi zaidi kwenye picha. Ni busara kupunguza zile sekunde 17 hadi 12 hivi.

Kitovu cha Njia Nyeupe, upande wa kundinyota la Mshale, hupanda juu kusini jioni za Juni hadi Agosti, ambao ni wakati wa kiangazi. Vumbi la msimu huo ni adui wa kihisi: lenzi isibadilishwe nje penye upepo.

Usukumani sungusungu, ulinzi wa jadi ulioenea mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wizi wa ng'ombe, bado hukumbukwa, na mgeni mwenye tochi porini usiku anaweza kudhaniwa mwizi. Mpiga picha humjulisha mapema mwenyekiti wa kijiji au kitongoji. Kwa migodi na maeneo ya polisi au jeshi, kibali kinatakiwa kabla ya kutoa kamera kwenye mfuko.