Tone la Sikio: Historia ya Karatasi Isiyosomwa

Katika insha hii nachunguza maandishi ambayo sisi wanafunzi wa historia huyapita bila kuyatazama: karatasi inayokunjwa ndani ya kisanduku cha matone ya sikio. Nilikulia Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958 katika sehemu ambayo leo ni Wilaya ya Isingiro, na huko karatasi hiyo hutupwa kabla haijasomwa. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo mno, ilhali mama aliyempakata mtoto anayelia anazungumza Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi au Kisomali. Hoja yangu ni kwamba maagizo yale hayakuwekwa kwa mapambo. Nyuma yake wapo wagonjwa walioumia.

Nianze na agizo linaloonekana dogo kuliko yote: shika chupa kiganjani dakika chache ipate joto la mwili kabla ya kudondosha. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Robert Bárány, aliyekuwa akitibu masikio mjini Vienna, aliona kuwa wagonjwa aliowasafisha masikio kwa maji walishikwa na kizunguzungu. Maji ya baridi yaliyafanya macho yao yachezecheze kuelekea upande mmoja, na ya moto yakayapeleka upande wa pili. Maji yenye joto la mwili hayakufanya lolote. Alielewa kwamba baridi au joto husukuma majimaji yaliyo ndani kabisa ya sikio, ubongo ukadanganyika kuwa mwili unazunguka. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari zikamfikia akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi. Aliachiwa mwaka 1916 baada ya Wasweden kumwombea, akaenda kufundisha Uppsala na hakurudi tena kuishi kwao. Nikiwasimulia wenzangu wa Nakivale habari hii, hawavutiwi sana na tuzo. Wanauliza alikaa kambini muda gani.

Agizo la pili ni zito zaidi: usitumie dawa hii kama kiwambo cha sikio kimetoboka. Mwaka 1943, katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, mwanafunzi wake Albert Schatz alipata streptomisini kutoka kwa vijidudu vya udongoni. Ilikuwa dawa ya kwanza ya antibiotiki kuweza kifua kikuu, na dunia ilishangilia. Lakini haikupita miaka mingi madaktari wakaona wagonjwa waliopona kifua wakiyumba wanapotembea, na wengine wakipoteza usikivu. Dawa ilikuwa ikiua chembe laini za sikio la ndani, na chembe hizo kwa binadamu hazioti tena. Neomisini, iliyopatikana mwaka 1949 katika maabara hiyohiyo, na gentamisini ya mwaka 1963 ni za ukoo mmoja na streptomisini. Zote mbili zimetengenezewa matone. Kwa uambukizo wa njia ya nje ya sikio, kiwambo kikiwa kizima, husaidia vizuri. Kikiwa na tundu, dawa inaweza kupenya hadi sikio la ndani.

Sasa, nani atajua kama tundu lipo? Mdogo wangu wa kike alitokwa na usaha sikioni kwa zaidi ya mwezi. Katika duka moja la dawa mama aliuziwa matone ya gentamisini na mtu ambaye hakulitazama sikio lenyewe. Tulipomfikisha Mbarara, daktari alimulika kwa kifaa chenye taa, akaona tundu, akaagiza matone yale yaachwe na aanze ya siprofloksasini. Hii ni dawa ya ukoo mwingine, iliyoingia hospitalini katika miaka ya 1980, na haijulikani kudhuru sikio la ndani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeiweka, kama matone ya sikio, katika orodha yake ya dawa muhimu. Sikio la kushoto la mdogo wangu halisikii vizuri mpaka leo. Ni usaha au ni yale matone ya kwanza, daktari hakuweza kusema, nami siwezi kulithibitisha. Darasani hukaa mbele, upande wa dirisha, ili sikio la kulia limwelekee mwalimu.

Kuna pia mwongozo wa kutibu watoto ambao Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliutoa katika miaka ya 1990, na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuupokea. Mwongozo huo unatenganisha mambo ambayo sisi nyumbani tunayaita kwa jina moja tu, "sikio". Maumivu makali, au usaha wa chini ya siku 14, ni uambukizo mpya: mtoto hupewa amoksisilini ya kumeza na parasetamoli, kwa sababu matone hayapiti kwenye kiwambo kizima. Usaha wa siku 14 au zaidi ni sugu: hapo ndipo matone ya siprofloksasini huingia, kwa wiki mbili. Na akiwa na uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, apelekwe hospitali haraka.

Jambo ambalo dukani halisemwi ni kukausha. Kipande cha kitambaa safi husokotwa kama utambi, huingizwa taratibu, hutolewa kikilowa, kingine hufuata mpaka kitoke kikavu, mara tatu kwa siku. Matone yakidondoshewa juu ya usaha huelea tu. Baada ya hapo mtoto alale kwa ubavu, sikio lenye ugonjwa juu, dakika chache, na ncha ya chupa isiguse ngozi. Mafuta ya moto, ambayo bibi zetu huyaamini, huunguza.

Agizo la mwisho kwenye karatasi nyingi linasema chupa itupwe wiki nne baada ya kufunguliwa, na isitumiwe na mtu mwingine. Hilo Nakivale halifuatwi na yeyote ninayemjua. Chupa ilinunuliwa kwa pesa ya mahindi, bado ina dawa nusu, na jirani naye ana mtoto.