Riziki ya Mbwa wa Nyegezi

Huko Ulaya, Marekani na Australia wafugaji wa mbwa wamegawanyika makundi mawili yasiyosikizana: wako wasemao kwamba mnyama huyu, kwa kuwa ni wa nasaba moja na mbwamwitu, hana chakula kimfaacho ila nyama mbichi na mifupa yake, na wako washikao kwamba chakula cha kiwandani, kilichopimwa na kutiwa kila kirutubisho kwa kadiri yake, ndicho kamili na ndicho salama. Lakini mtu atakaye kuandika tarikhi ya maakuli ya mbwa wa Nyegezi, hapo kusini mwa mji wa Mwanza ambapo majabali hushuka mpaka majini, atakuta kwamba mbwa wa hapa hakulelewa kwa madhehebu yoyote katika hayo mawili. Alilishwa kutoka chunguni, na kilichoingia chunguni kiliamuliwa na ziwa.

Wasukuma, ambao ndio wenyeji wa nchi hii, ni watu wa ng'ombe tangu zama za kale, na mbwa kwao alikuwa mlinzi wa zizi, mwenzi wa mchungaji na msaidizi wa msasi. Ujira wake ulikuwa makombo: ukoko wa ugali wa mtama au uwele, na baadaye wa mahindi na udaga wa muhogo, maji yaliyooshea chungu, mifupa siku ya kuchinja, na kwa wale waliokaa karibu na maji, vichwa na matumbo ya samaki. Waislamu waliotoka pwani wakafanya makao Mwanza walikuja na fikihi yao, nayo katika madhehebu ya Shafii huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokiramba sharti kioshwe mara saba, moja katika hizo kwa udongo; ila mbwa wa kusasia, wa kulinda mifugo na wa kulinda mashamba ameruhusiwa. Basi mbwa wa nyumba ya namna hiyo alitengewa kigae chake mwenyewe huko uani, na desturi hiyo, licha ya kuwa ni amri ya dini, ni usafi ambao tabibu yeyote wa mifugo angeuridhia.

Isidhaniwe kwamba kupika chakula cha mbwa kulikuwa ni ujinga wa watu wasiojua tabia ya mnyama. Sababu ya kwanza ilikuwa ni uchumi tu, kwani nafaka mbichi mbwa hawezi kuisaga tumboni, na nafaka ndiyo iliyokuwapo. Lakini ndani ya desturi hiyo mlikuwa na hifadhi kubwa kuliko walivyotambua walioifuata. Katika miaka ya 1930, huko Minnesota katika nchi ya Marekani, mbweha waliofugwa kwa ajili ya ngozi walipatwa na kupooza, wakafa. Na wataalamu walipochunguza wakaona kwamba wanyama hao walikuwa wakilishwa samaki wabichi aina ya karpi. Katika miili ya samaki wa namna hiyo mna kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na samaki akichemshwa vema kimeng'enya hicho hupotea nguvu. Dagaa na ningu wa ziwa letu ni wa jamaa hiyo hiyo pana ya karpi, na kwa ajili hiyo mtu anayemkirimu mbwa wake ndoo ya samaki wabichi kila siku, akidhani anamrudisha kwenye maumbile yake, ana haki ya kutahadharishwa.

Habari ya nyama ni nzito zaidi. Iko tegu ndogo mno ikaayo katika utumbo wa mbwa, ambayo mayai yake hutoka na kinyesi, yakaliwa na ng'ombe, kondoo au mbuzi malishoni, yakawa vifuko vya maji katika maini na mapafu yao. Mbwa akitupiwa maini hayo mabichi, mzunguko unaanza upya, na mwanadamu anayemeza yale mayai huota vifuko hivyo hivyo ndani ya mwili wake. Waturkana wa kaskazini ya Kenya walipatwa na maradhi haya kwa wingi wa kutisha, hata shirika la AMREF likaanzisha kwao mpango maalumu wa kuyazuia mwaka 1983. Na katika Tanzania yamejulikana miongoni mwa wafugaji wa Ngorongoro. Mimi siwalaumu walio mbali wenye kununua nyama iliyokaguliwa na kugandishwa kwa barafu. Nasema tu kwamba hoja yao haiwezi kuhamishwa nzima nzima mpaka kwenye machinjio ya kijijini.

Ama chakula cha kiwandani, asili yake ni London katika miaka ya 1860, ambako Mmarekani mmoja aitwaye James Spratt alianza kuuza biskuti za mbwa. Mwaka 1922 ikatokea Ken-L Ration ya makopo, ambayo ilikuwa nyama ya farasi. Na mwaka 1957 Purina wakatoa punje kavu zilizopikwa kwa mashine ya kusukuma unga kwa joto na nguvu, ambazo ndizo zilizoushika ulimwengu. Hata hoja ya nyama mbichi si kongwe kama watu wanavyodhani, kwa kuwa kitabu kilichoieneza, cha tabibu wa mifugo wa Australia aitwaye Ian Billinghurst, kilitoka mwaka 1993.

Wakati mambo hayo yakienda huko, Ghuba ya Mwanza ilikuwa ikiingizwa katika biashara ya chakula cha wanyama kwa mlango mwingine. Chini ya maji haya waliishi furu, samaki wadogo wa spishi zaidi ya 500 katika ziwa zima, wasiopatikana mahali pengine duniani, ambao walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa chini. Nyegezi, penye chuo cha uvuvi tangu miaka ya 1960, palikuwa pahala pa kuwafahamu samaki hao, na mwaka 1977 wakaja wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kuwachunguza. Lakini kabla uchunguzi haujaanza, meli za kukokota nyavu zilikuwa tayari zinafanya kazi ghubani, na mwaka 1976 Mwanza ikapata kiwanda cha kuwasaga furu kuwa unga wa kulishia mifugo, chenye uwezo wa kupokea tani 60 kwa siku. Viumbe ambao sayansi ilikuwa haijawapa hata majina waliingia kinuni kuwa lishe ya kuku. Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu hasara hiyo haina fidia.

Kisha akaja sangara, aliyetiwa ziwani upande wa Uganda tangu miaka ya 1950, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980 furu wa ghuba walikuwa karibu kutoweka kabisa. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza katika miaka ya 1990. Mnofu ukapanda ndege kwenda Ulaya, na kilichobaki, kichwa na uti wa mgongo wenye nyama kidogo, kikapewa jina la mapanki. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 ilizusha ugomvi mkubwa nchini juu ya mapanki hayo, iwapo ni chakula cha watu au cha mifugo, na Rais Kikwete mwenyewe alisimama mwaka 2006 kuishutumu. Katika ugomvi ule hakuna aliyemtaja mbwa, ilhali naye alikuwa na lake: kichwa cha samaki kilipokuwa hakina bei kilitupwa ufukoni akakila, kilipopata mnunuzi, kikakaangwa na kuuzwa, au kikasagwa, na mbwa akaondolewa katika mirathi yake bila ya mtu kukusudia.

Kilichombakia ni dagaa. Uvuvi wa dagaa kwa taa za karabai, usiku usio na mwezi, ulikua sana samaki wakubwa walipopungua, na mavuno yake huanikwa kwa namna mbili: juu ya chanja, yakatoka safi kwa ajili ya watu, au juu ya mchanga mtupu, yakatoka na chembe za mawe, yakaishia kwa wingi katika viwanda vya chakula cha kuku. Katika hao wa mchanga ndimo mwenye mbwa hupata kitoweo: huwaosha mara mbili tatu mchanga uzame, huwachemsha pamoja na pumba au unga wa mahindi, huacha uji upoe, kisha humimina. Kwa maoni yangu, chakula hicho, kikiongezwa mafuta kidogo na mboga, na pumba ikiwa haina ukungu, chastahili heshima kuliko ipewayo.

Hata hivyo hakina uhakika. Wavuvi wanahimizwa kuacha mchanga na kuanika juu ya chanja, jambo ambalo ni la haki, kwani dagaa safi humpa mvuvi bei njema na mtoto lishe njema; nao wa mchanga wakipungua, viwanda vya kuku vitawagombea waliobaki. Hapo mwenye mbwa wa Nyegezi ambaye hamudu bei ya mfuko wa dukani atageukia utumbo na mapafu ya ng'ombe kutoka machinjioni, navyo asivitupe vibichi hata siku moja. Avichemshe mpaka viive hasa, na vile vyenye vifuko vya maji avichome moto au avifukie chini sana.