Beit el Mtoni, Kasri la Shamba na Pwani

Kaskazini ya mji wa Unguja, kwenye njia iendayo Bububu, pale kijito kinapoteremka baina ya minazi na miembe hata kikaingia baharini, zimesalia kuta za Beit el Mtoni, kasri kongwe kuliko makasri yote ya masultani wa Zanzibar, ambalo katika enzi yake lilikuwa maskani, baraza ya hukumu na nyumba ya shamba kwa pamoja.

Kabla ya kasri palikuwa na karafuu. Shamba la Mtoni lilikuwa mali ya Saleh bin Haramil Al-Abri, tajiri wa Kiarabu anayetajwa kuwa ndiye aliyeileta mikarafuu ya kwanza Unguja kutoka visiwa vilivyokuwa chini ya Wafaransa, akaipanda hapo na Kizimbani. Na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, alipowasili kutoka Maskati mwaka 1828, aliitambua upesi thamani ya zao lile, hata akamnyang'anya Saleh mashamba yake na kulijenga kasri katika ardhi hiyo hiyo.

Sifa za nyumba hiyo tunazipata zaidi kwa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said huyo, aliyezaliwa humo mwaka 1844, na ambaye, baada ya kutoroka mwaka 1866 na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, aliitoa kumbukumbu yake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anatusimulia ua mpana wenye tausi, paa, heroe na mbuni waliozurura walivyopenda; hamamu zilizopangwa upande mmoja wa ua, ambazo hazikukosa watu usiku wala mchana; na ngazi zenye vidato virefu, vilivyolika kwa nyayo, ambazo mtoto alizipanda kwa hadhari. Lakini lililotukuka kuliko yote lilikuwa roshani kubwa ya mviringo, ya mbao zilizopakwa rangi, iliyojengwa kuelekea bahari, ambamo Seyyid Said alinywa kahawa pamoja na wakubwa wa nyumba, kisha akawa akienda na kurudi saa nyingi, kichwa amekiinamisha, akichechemea kidogo kwa ajili ya risasi aliyopigwa pajani vitani. Naamini hapana maelezo yanayotuonyesha mtawala huyo kwa karibu kuliko hayo, kwani katika mikataba na nyaraka twamkuta mfanyabiashara na amiri wa merikebu, bali hapa twamkuta mtu na fikra zake.

Siku nne katika juma alikaa Mtoni, na zilizosalia alikaa mjini, katika kasri la Beit el Sahel. Mwenye amri ndani ya nyumba alikuwa Bibi Azza binti Seif, mkewe wa nasaba, mfupi wa kimo lakini mwenye neno lisilopingwa; na chini yake waliishi masuria wa Kihabeshi na wa Kicherkesi, kama Jilfidan mamaye Salme, pamoja na watoto, matowashi na watumwa, jumla ya watu wapatao elfu moja, hata Kiarabu, Kiswahili, Kihabeshi na Kituruki vikasikika katika ua mmoja.

Wengi katika hao hawakuja kwa hiari yao, nami siwezi kuisifu roshani ile nikanyamaza juu ya mikono iliyoigharimia. Karafuu huchumwa kikonyo kwa kikonyo kabla ua halijachanua, zikachambuliwa makonyo, zikaanikwa juani juu ya majamvi na kugeuzwageuzwa mpaka ziwe na rangi ya hudhurungi, na mvua ikizikuta huharibika. Kazi yote hiyo, msimu baada ya msimu, ilifanywa na watumwa waliovushwa kutoka bara, ambao majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote cha kifalme.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akirejea kutoka Omani, na tangu hapo masultani wakapendelea kwingineko. Salme aliporudi mwaka 1885 alikuta baadhi ya ngazi zimeanguka na majani yameota ndani ya vyumba. Mwaka 1914 moto uliteketeza sehemu kubwa ya jengo, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza masalia yakafanywa ghala. Kilichosalimika leo ni kuta za mawe na chokaa, pamoja na sehemu ya hamamu zile alizozisimulia Salme.