Kabla ya boga kulikuwa na tanipu

Katika Ayalandi ya kale, mwaka ulifuata ng'ombe. Mwezi Mei walipandishwa kwenye malisho ya vilimani. Novemba ilipokaribia walirudishwa nyumbani, na wale ambao malisho ya kipupwe yasingewatosha wakachinjwa. Nyama ikawa tele, karamu zikafuata. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba uliitwa Samhain, hutamkwa "sauin". Kwa Waayalandi wa kale, kama kwa Waswahili wa zamani, siku mpya ilianza jua likizama, hivyo sherehe ilianza usiku.

Wapagani wale hawakutuachia maandishi kuhusu ibada zao. Tulizonazo ni hadithi zilizoandikwa baadaye na watawa wa Kikristo. Mojawapo inamhusu Nera. Usiku wa Samhain, mfalme Ailill wa Connacht aliahidi zawadi kwa atakayethubutu kwenda kumfunga kitanzi cha fito mguuni maiti wa mtu aliyenyongwa. Wengine walitoka, wakarudi mbio. Nera akafika, akafunga. Maiti akamwambia ana kiu, ambebe mgongoni akatafute maji. Akambeba.

Wengi husema Kanisa liliiteka Samhain kwa kuweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe hiyohiyo. Mimi naona hoja hiyo inapwaya: mwanzoni mwa karne ya 9 Waayalandi wenyewe walikuwa wakiwaadhimisha watakatifu mwezi Aprili, na Novemba 1 ilienea kutoka milki ya Wafaranki, ilikothibitishwa mwaka 835. Ila sikukuu zilipokutana, ziliambukizana. Maskini walipita nyumba kwa nyumba wakiombea marehemu na kupewa mikate midogo. Huko Uskoti na Ayalandi vijana walijifunika nyuso, wakaimba mlangoni, wakapewa njugu na matofaa.

Taa yao ilikuwa tanipu, mzizi mgumu kama kiazi, uliochongwa uso na kutiwa mshumaa. Jumba la makumbusho huko Mayo lina nakala ya plasta ya moja iliyotoka Fintown, Donegal: meno machache, macho yaliyozama, sura ya mzee mwenye hasira. Inatisha kuliko boga lolote.

Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliwasukuma Waayalandi zaidi ya milioni moja kuihama nchi, wengi wakaelekea Marekani. Huko walikuta boga, kubwa na rahisi kuchonga. Utundu wa vijana usiku wa kuamkia Watakatifu Wote, yaani Halloween, nao uliota mizizi huko, hata mwaka 1920 mji wa Anoka, Minnesota, ukaandaa gwaride la Halloween ili vijana wawe na kazi nyingine usiku ule.