Umri wa Kosa la Tahajia: Kutoka Ugogo hadi Programu Huria

Mtunzi wa programu huandika mambo ya aina mbili: amri zinazotekelezwa na kompyuta, na maelezo ambayo kompyuta huyaruka lakini atakayekuja kuirekebisha programu huyategemea. Katika programu huria, ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kupendekeza mabadiliko, wapo wanaojitolea kusahihisha tahajia ya maelezo hayo, na wengi huwadharau. Historia ya maandishi ya Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya Tanzania, inawatetea, kwa kuwa inaonyesha kwamba kosa la tahajia lina umri: likiwa changa hufutwa na yeyote, likikomaa hugeuka sheria.

Wamisionari wa Church Missionary Society walioingia Ugogo katika karne ya 19 ndio waliotangulia kuandika vitabu vya lugha ya Wagogo, na vitabu vya kanisa vimeendelea kuandika Cigogo kwa herufi c peke yake. Msomaji wa Mvumi, huko huko Ugogo, akifungua kitabu cha Kiswahili anakuta Chigogo. Hapo hakuna kosa, kwa sababu kila upande unafuata kanuni yake. Jina la Dodoma, mji wa Ugogo, ni jambo tofauti. Wenyeji hulitaja jina la mahali hapo kuwa Idodomya, lakini Wajerumani walipofikisha reli mwaka 1910 umbo lililoshika ni Dodoma. Likaingia katika ramani, barua na nyaraka za serikali, na chama tawala, TANU, kilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu huko, hakuna aliyeweza kurudisha sauti zilizopotea bila kuvuruga kila kilichojengwa juu yake.

Kiswahili chenyewe kilinusurika kwa kuwahiwa. Kamusi ya mmisionari Krapf ya mwaka 1882 na vitabu vya Askofu Steere wa Unguja havikuandika maneno kwa namna moja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikapewa jukumu la kupitia miswada ya vitabu vya shule kabla ya kuchapwa. Mswada hurekebishwa kwa kalamu. Kitabu kilichokwisha kusambaa huhitaji kuchapwa upya. Intaneti haikuwahiwa hivyo. Neno la Kiingereza “referrer”, ambalo kivinjari hulitumia kutaja ukurasa alikotoka msomaji, liliingia katika waraka rasmi wa mwaka 1996 likiwa “referer”, limepungukiwa r moja. Hadi leo programu inayoliandika kwa usahihi mahali hapo haielewani na nyingine.

Watu husema kuwa maelezo hayana hatari hiyo, kwani kompyuta haiyasomi. Lakini binadamu huyasoma, huyanakili, huyatafuta kwa neno. Na anayekuta neno lililokosewa katika maelezo huweza kulichukua lilivyo na kulifanya jina la amri. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: masahihisho madogo huwachosha wasimamizi. Oktoba 2020, shindano lililotoa fulana kwa wachangiaji lilifurikisha mapendekezo ya kipuuzi katika miradi mingi. Lililokosekana hapo ni utaratibu. Mradi wa Linux unao: umeweka orodha ya makosa ya kawaida, na chombo chake cha ukaguzi huyanasa kabla msimamizi hajasumbuliwa. La tatu ni nani mwenye haki ya kuamua lipi sahihi. Kamati ya 1930 ilianza ikiwa mikononi mwa Wazungu, na Wamvita, watu wa Mombasa ambao lahaja yao haikuchaguliwa, walikuwa na sababu ya kulalamika. Hoja hiyo inadai kanuni ijadiliwe na wenye lugha. Haidai tuandike bila kanuni.

Basi vijana wanaojifunza programu Dodoma wasione haya kuanza na tahajia. Wasome kwanza kanuni za mradi, wakusanye masahihisho yao pamoja, na wasiguse jina ambalo programu nyingine inalitegemea kabla ya kuuliza. Lililo ndani ya maelezo walisahihishe leo, kabla halijawa jina.